Nilijifunza kusoma uso wa mtu kwenye poker ya maharage, nikautumia ujuzi huo kukosa shamba Uluguru

Wakuu, habari za asubuhi.

Nimekaa juu ya gunia la samadi, mtandao unakuja na kukatika, nikaona leo niutue huu mzigo. Ninayoandika ni kweli tupu. Ushahidi wangu ni mmoja tu: mwongo huwa anajipendelea, na humu ndani mimi sijapendelewa hata mstari mmoja.

Kwanza mnijue. Niliacha shule kidato cha pili. Si kwa kukosa ada, ni miguu ilikuwa inawasha. Asili yangu Tabora, Mnyamwezi. Nimeuza miwa Dodoma, nimebeba mizigo Ngerengere, nimepaka rangi nyumba Kilakala pale Morogoro mjini, na Dar nilifagia kwenye casino miezi saba. Sehemu niliyowahi kukaa muda mrefu kuliko zote ni tumboni kwa mama.

Hiyo casino ndiyo chanzo cha yote.

Ufagio una faida moja, mtu akiushika haonekani. Nilikuwa nasimama nyuma ya meza ya poker nafagia kipande kilekile nusu saa nzima, nawaangalia watu. Baadaye nikapakua poker ya bure kwenye simu, nikanunua na kitabu cha mtumba cha hesabu za bahati. Nusu ya kurasa zake sikuelewa. Nusu nyingine ilikuwa imechanwa.

Kwa asiyeujua mchezo: unapewa karata mbili unazificha, halafu karata tano zinawekwa wazi katikati kwa wote. Unaweka dau kidogo kidogo. Mwenye karata nzuri anashinda, lakini hata asiye na kitu anaweza kushinda, akiweka dau kubwa kwa uso mkavu mpaka wenzake waogope wazitupe za kwao. Huko kujifanya ndiyo bluff. Kuzitupa mwenyewe kwa hiari ndiyo kufold.

Bluff niliipenda papo hapo. Ilikuwa kama kugundua kwamba tabia niliyokuwa napigiwa viboko nyumbani kumbe wenzetu wanailipia kiingilio.

Sasa twende Uluguru.

Masika ya mwaka jana nilipanda kijiji kimoja huko juu, kutafuta kibarua cha kubeba karoti na kabichi kuzishusha hadi bodaboda zinapoishia. Mchana mvua ikianza, njia inakuwa kama umeimwagia sabuni. Hakuna anayeshuka. Watu mnajikusanya kwenye banda la kuoshea karoti mnasubiri.

Bandani tulizoea kuwa wanne. Mama Koleta, mjane wa miaka kama sitini, mwanakwaya, mwenye matuta mazuri kuliko yote pale. Katekista Bazili, anayebishana hata na hali ya hewa. Mwalimu Shabani, mstaafu kutoka Tanga aliyeoa huko akanogewa na baridi. Na mimi.

Siku ya tatu ya mvua nikatoa karata mfukoni.

Mwalimu akaniwahi. "Kama kuna pesa humo, mimi naondoka na hizo karata nazichana."

Mama Koleta akaenda kuleta kopo la maziwa ya unga limejaa maharage. Tukakubaliana kila mtu anapewa sawa, na mchezo ukiisha yote yanarudi koponi. Mwalimu akatulia. Katekista ndiyo kwanza akaanza.

"Huko kujifanya una karata nzuri na huna, si uongo huo?"

"Mpiga penalti anaangalia kulia, anapiga kushoto," Mwalimu akamjibu. "Amemdanganya kipa?"

"Amemdanganya!"

"Basi Jumapili ukaiungamishe timu nzima."

Mama Koleta ndiye aliyeamua kesi. "Hapa kila mtu amekaa akijua atadanganywa. Ila mdomo usitaje karata. Uso fanya utakavyo."

Ikawa sheria. Na wakuu, niseme ukweli, kwa wiki zile mchezo ulitufaa. Katekista alijifunza kunyamaza, kitu ambacho hata kengele ya kanisa ilishindwa kumfundisha. Mwalimu alianzisha daftari la kukokotoa uwezekano wa kila karata kutokea. Mimi nilijifunza kwamba unaweza kuamua vizuri na bado ukashindwa, na kwamba kusubiri nako ni kazi. Shuleni walijaribu kunifundisha hayo kwa fimbo.

Nilikuwa nashinda sana. Nikaanza kutembea kijijini kama mtu mwenye cheo.

Siri yangu ilikuwa Mama Koleta. Niligundua akipata karata mbovu anaanza kuimba chini chini, nyimbo za kanisani, sauti ya pili. Karata nzuri, kimya. Siri hiyo niliitunza kuliko kitambulisho changu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo muhimu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mama Koleta alikuwa ananiita mtani tangu siku ya kwanza. "Nyie mlizaliwa na mzigo kichwani," ananiambia nikipita na gunia. Namjibu, "Shikamoo mama. Na nyie mlizaliwa mguu mmoja mfupi, ili msianguke mlimani." Anacheka mpaka anashika mbavu. Kwa raha ile ya kutukanwa, nilijiona niko nyumbani.

Siku moja akaniita kando ya mfereji wa maji.

"Mtani, utabeba karoti za watu mpaka lini? Yale matuta pale chini ya mfereji, lima. Ukivuna utaleta ndoo moja ndogo ya sado ya ulichovuna. Na kila Jumamosi utashirikiana na wenzako kusafisha mfereji."

Wakuu, nina miaka thelathini na moja. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nibaki mahali. Nimezoea kuulizwa naondoka lini. Nilitaka yale matuta kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Mtu mwenye akili angejibu, "Nashukuru mama."

Mimi nikawaza Jumamosi zangu. Jumamosi ndiyo nilikuwa nashuka mjini kula chipsi mayai na kuangalia mpira. Nikasita kujibu, nikajifanya naangalia udongo.

Na Mama Koleta akaanza kuimba chini chini.

Sauti ya pili!

Akili yangu ikaruka. Ana karata mbovu! Hana mtu mwingine wa kumpa! Ongeza dau!

"Nashukuru mama," nikasema, uso mkavu, "ila kuna mzee Kilakala amenipa eneo, lina hadi bomba la maji. Labda hiyo ya Jumamosi tungeitoa, ndiyo ningefikiria kubaki."

Mzee huyo hayupo. Mzee pekee ninayemfahamu Kilakala ni yule ambaye nilipaka rangi ukuta wake kwa makosa, kumbe aliyenipa kazi ni jirani yake.

Wimbo ukakatika. 

"Basi, baba. Mungu amekujibu mapema. Nenda Kilakala."

Akachukua jembe lake akaondoka. Hakuniita mtani. Aliniita baba.

Kesho yake mvua ikanyesha, nikaenda bandani. Kopo halikuwepo. Katekista alikuwa anaosha karoti iliyokwisha kuwa safi. Nikamuuliza Mwalimu kulikoni.

"Wewe ulidhani ile ardhi ni ya kwake peke yake?" akaniambia. "Huku ardhi ni ya ukoo, upande wa mama. Amekaa na kaka zake Jumapili mbili anakutetea. Wakamwambia huyo ni mpita njia, ataondoka kabla karoti hazijatoa majani. Akasema yeye atakudhamini. Hiyo Jumamosi ya mfereji ni sharti la kaka zake, wapate kukuona unavyofanya kazi."

Nikajitetea kijinga. "Lakini alikuwa anaimba. Anaimba akiwa na karata mbovu."

"Hilo sote tunalijua," Mwalimu akasema.

Sote! Siri yangu ya wiki sita!

"Ulipoanza kusitasita," akaendelea, "mwenyewe ameniambia, alikuwa anawaza atawaambia nini kaka zake."

Kwa hiyo wakuu, nilisoma vizuri. Karata zake zilikuwa mbovu kweli. Ila alikuwa amezishika kwa ajili yangu, na mimi nikampandishia dau. Nilidhani tuko wawili mezani, kumbe kuna ukoo mzima umekaa.

Nikafanya ninachokijua. Nikafunga begi. Nikashuka hadi bodaboda zinapoishia, nikakaa kwenye jiwe. Dereva akaniuliza, "Unaenda wapi kaka?" Nikaanza kuihesabu miji kichwani. Kila mji nilioishi, nimeondoka kabla karata hazijafunuliwa. Nikijiona mjanja.

Yule dereva akachoka, akampakia mama mwenye kuku. Mimi nikageuka kupanda mlima. Kwa taarifa yenu, kupanda ule mlima na begi na aibu ni mazoezi tosha.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa Mama Koleta. Kaka zake wawili walikuwepo, wamekaa kwenye viti, mimi nimesimama.

"Shikamoo mama. Shikamooni wajomba. Hakuna mzee yeyote Kilakala. Nilidanganya ili nisisafishe mfereji."

Kaka zake wakatazamana. Nikaogopa, nikaharibu tena. "Ulikuwa utani tu, mama."

"Mtani anakudanganya mbele za watu, mcheke wote," akasema. "Wewe ulinidanganya tukiwa wawili, na ulitaka niamini. Usiuchafue utani wetu."

Nikainamisha kichwa. Sikuwa na karata nyingine. Hapo ndipo nilipofold kwa mara ya kwanza maishani bila kutafuta mlango.

Kaka mkubwa akakohoa. "Pamoja na hayo, ni mtani. Mtani hafukuzwi. Anatozwa."

Faini yangu ilikuwa kupandisha samadi, Jumamosi nne, kwa kila nyumba inayotumia ule mfereji. Wenye nyumba walikaa vibarazani kunisindikiza kwa utani. "Mzigo kichwani, kama mlivyozaliwa!" Hata Mwalimu, ambaye si mtani wangu kwa hesabu yoyote, alijiunga.

Matuta mazuri alishapewa mtoto wa dada yake. Mimi nikapewa tuta la mwisho kabisa, mawe matupu, maji yanalifikia baada ya kupita kwa kila mtu. Maana yake mfereji ukiziba popote, anayekauka ni mimi. Mtu aliyekataa kuusafisha Jumamosi, sasa anausafisha mpaka Jumatano.

Mbegu sikuwa nayo. Mama Koleta akaja na lile kopo, akanimwagia maharage mkononi. "Haya ndiyo uliyokuwa unayashindania. Panda."

Yalikuwa yameshikwashikwa na mikono minne na kutobolewa na wadudu. Yaliota nusu. Poker ikasimama miezi mitatu kwa sababu dau zetu zote zilikuwa ardhini. Kila asubuhi Katekista anapita, anachungulia. "Langu limeota?"

Nilivuna sado moja na kopo. Sado ikaenda kwa ukoo, kopo likarudi bandani.

Nilichojifunza? Poker yenyewe sioni dhambi yake, ilimradi hakuna anayelala njaa na kila aliyekaa amekubali kudanganywa. Kosa langu lilikuwa kuibeba ile meza nikaitua mbele ya mtu aliyekuja mikono mitupu kunipa kitu. Na faida kubwa niliyoipata si kusoma nyuso. Ni kuweza kusema nimeshindwa, na nikabaki nimekaa.

Juzi tulicheza tena. Mama Koleta akaanza kuimba, sauti ya pili. Nikawaza ile tabia haijamtoka, nikasukuma maharage yangu yote katikati. Akafunua K mbili, karata za kuogopwa, akayavuta yote kwenye kanga.

"Pole, mtani."

Anaimba makusudi siku hizi.

Sasa niambieni nyie mnaocheza, iwe poker au last card: mpaka wenu uko wapi? Kuna aliyewahi kupiga bluff nje ya meza ikamletea heri? Tukaneni tu, nimeshazoea. Nitasoma jioni. Leo Jumamosi, na maji hayajafika kwangu.