Vidole vya Chapuchapu

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Kila mtu alimwita Chapuchapu, maana ukimpa kazi ya kitanda asubuhi, jioni anakuuliza godoro liko wapi. Alikuwa seremala hodari, maneno mengi, subira haba, na alifanya kazi katika karakana ya dada yake mkubwa.

Dada mtu alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa msumeno wa meza. Hapo alikuwa mkali kama pilipili. Mikono mirefu ya shati ikunjwe. Glovu marufuku, kwani meno yakinasa kitambaa huvuta na mkono. Kinga inayofunika meno isiguswe. Na ubao mwembamba usisukumwe kwa mkono, bali kwa kijiti chenye pengo mwishoni, alichokichonga mwenyewe.

"Kucha huota, mdogo wangu," alizoea kusema. "Kidole hakioti."

"Sawa, dada," Chapuchapu angeitikia. Lakini sawa yake ilikuwa ya mdomoni.

Siku moja walikuwa na kabati la mteja asiyejua kusubiri, kila saa anapiga simu. Chapuchapu alikuwa akipasua vipande vyembamba vya milango. Akaona kinga inamchelewesha, akaifungua na kuiweka chini. Kijiti nacho kilikuwa kimeegemea ukuta. Alikuwa ameshapitisha ubao mmoja kwa kiganja mashine ilipozimika ghafla. Kugeuka, dada yake amesimama penye swichi.

"Rudisha kinga."

"Dada, vimebaki vichache tu!"

"Na vidole je, unavyo vingi? Rudisha. Na kijiti ukishike, au nenda nyumbani."

Aliirudisha huku akisonya, akanyakua kijiti kwa hasira, akawasha. Ubao wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili ulikuwa na fundo kubwa katikati. Meno yalipofika pale, ubao ukabana, ukaruka nyuma kwa kishindo, ukampita ubavuni na kugonga ukuta. Kijiti kilivutwa mbele, kikalia kraaa!

Dada yake alizima mashine. Chapuchapu alitazama mkono wake. Kijiti kilikuwa kimekatwa ncha yote, kama muwa uliotafunwa. Pale palipokatwa ndipo vidole vyake vingekuwa.

Aliketi juu ya maranda. Alihesabu vidole, akavihesabu tena, kana kwamba kimoja kingeweza kutoroka. Dada yake hakumwambia "nilikuambia". Alimletea maji, akaketi kando yake.

"Dada," akasema, "nilikusonya."

"Nilisikia. Kunywa maji."

Asubuhi iliyofuata binti mdogo wa Chapuchapu alimletea shati la shule amfunge vifungo, kazi ambayo kwa kawaida aliikwepa. Alipiga magoti akafunga kimoja kimoja, vifungo vidogo kama punje za mahindi, akisikia kila kimoja chini ya kidole gumba.

"Baba, utanichelewesha!" mtoto akalalamika. Mkewe, aliyekuwa ameshasikia yote, aliufuta uso kwa upande wa khanga na kujifanya moshi umemwingia machoni.

Wiki ile Chapuchapu alichonga vijiti vingi kutokana na mabaki ya mbao, akavisugua msasa hadi vikawa laini, kisha akavipeleka kwa mafundi wa mtaa mzima. Wengine walimcheka: "Leo umekuwa mhubiri?" Naye alicheka pamoja nao, ila hakuondoka mpaka amuone mwenye karakana akikitumia kwenye ubao wake. Kijiti kimoja, kilichopendeza kuliko vyote, alikipeleka kwa dada yake.

"Asante, dada," alisema, akimpa kwa mikono miwili.

Dada yake alikipima uzito, akalitazama pengo lake, akatabasamu. "Umechonga vizuri. Haya, tumalizie kabati la watu."