Kamati Iliyochaguliwa Siku ya Ngoma

Shamimu alijifungulia katika zahanati ya kijiji chao, ndani kidogo kutoka Pande, na maji aliyoogeshewa baada ya uzazi aliyabeba mwenyewe kichwani, uchungu ukimkata njiani, akawa anasimama kushika mikorosho. Zahanati ina simtanki la maji, ila limepasuka zamani, na kamati ya zahanati haikuwahi kukaa kulizungumza. Kamati ile ilipomaliza muda wake, wanawake wa kitongoji walimwambia Shamimu agombee nafasi ya akina mama. Darasa la saba tu, lakini ni mtu wa kuangalia, na akisema neno linakaa. Akakubali.

Kilichobaki ni kujua siku ya mkutano. Mwenyekiti wa kijiji kila alipoulizwa alijibu kwamba mbiu itapigwa, kama desturi. Hapo hapakuwa na ubishi. Khamisi mpiga mbiu hupita jioni na debe lake, husimama kila njia panda, hulipiga mpaka watu watoke, ndipo hutangaza ya kesho.

Mwezi ule mabinti walikuwa unyagoni. Bi Mwahija, kungwi wao, alipotaja siku ya kuwatoa, Mwenyekiti alileta gunia la mchele na mafuta ya kupikia. Wanawake walimpigia vigelegele mpaka akaona haya. Shamimu naye alipiga. Mkono mtupu haulambwi, na wa Mwenyekiti haukuja mtupu.

Siku yenyewe ikafika, ngoma zikalia tangu asubuhi. Likilia la mgambo kuna jambo, lakini pale uwanjani mambo yalikuwa mengi. Adhuhuri Khamisi akatokea na debe lake, analipiga kwa kasi, mdomo unafunguka na kujifunga. Katika kelele zile nani angesikia anasema nini? Mpiga mbiu ni wa jioni. Huyu wa mchana wakaona amekuja kucheza. Wakampisha katikati. Shamimu akavua kanga ya begani akamfunga kiunoni, kama anavyofungwa mwanamume aliyekuja kuitunza ngoma. Watu wakaanguka kwa vicheko. Khamisi akatikisa kiuno kidogo, akapewa sahani ya pilau, akaenda zake.

Kesho yake Shamimu alimpeleka mwanawe Nurdin kliniki. Nesi Agnes, mtu wa huko milima ya Matumbi, akimning'iniza mtoto kwenye mizani, alimuuliza taratibu mbona jana hakuonekana ofisi ya kijiji kwenye uchaguzi. Kamati imeshapatikana. Kwa akina mama amepita Bi Naima, shemeji yake Mwenyekiti.

"Naima wa Lindi? Yule mwenye duka Mtanda, huko mjini?"

Agnes hakuondoa macho kwenye mizani. "Mimi mtumishi tu, mama Nurdin. Ya kijiji mnayajua wenyewe."

Shamimu hakulia. Alingoja mkutano mkuu wa kijiji, akasimama na mtoto mgongoni, akauliza waliochagua walikuwa akina nani, na kwa nini majina ya wagombea hayakubandikwa ofisini kabla, watu wakayaona. Mwenyekiti hakukasirika. Alimwita Khamisi.

"Ulipiga mbiu?"

"Nilipiga, mzee."

"Kwa akina mama ulipita?"

"Nilipita uwanjani kwenyewe, pale kati."

"Wakafanyaje?"

Khamisi alitazama chini. "Walinifunga kanga."

"Kanga ya nani?"

Khamisi akamtupia Shamimu jicho. Wanaume walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. "Sisi tulikuita kwenye kura," Mwenyekiti akamwambia Shamimu kwa sauti ya upole, "mwenzetu ukatuita kwenye ngoma."

Shamimu alisubiri vicheko vipungue. "Mkutano wa siku ileile, mchana, ngoma zinalia. Ile mbiu, baba, ilipigwa ili tusikie, au ili mseme ilipigwa?"

Alitazama nyuma kwa wale waliomtuma, angalau mmoja asimame. Kila mmoja alikuwa na jambo la kurekebisha kwenye kanga yake. Bi Mwahija akamvuta gauni.

"Kaa chini, mwanangu. Mchele tumekula."

Akakaa. Walipotawanyika, wanawake walitangulia kwa makundi, yeye akabaki nyuma na mtoto wake. Hakuwalaumu sana. Unyago utakuja mwingine, na mchele utatakiwa.

Siku ya kikao cha kwanza cha kamati, bodaboda ilisimama nje kwa Shamimu. Bi Naima, baibui safi, akamsalimu vizuri, akauliza zahanati iko upande gani. Shamimu akamwonyesha.

"Ahsante, mdogo wangu. Na hebu nisaidie, maana naingia kikaoni sijui nikaseme nini. Akina mama wa hapa mna shida gani?"

Angeweza kunyamaza. Moyo ulimwambia anyamaze. Lakini akawafikiria wenye mimba zao pale kitongojini, wale wale waliorekebisha kanga, akamweleza yote: ufa wa tanki, namna mtu anavyobeba maji huku mtoto anashuka, nesi anavyonawia kopo moja. Hakuacha hata moja.

Bi Naima alisikiliza, mkono mmoja tayari uko begani kwa dereva.

"Tanki," alisema, kama mtu anayejikumbusha cha kununua sokoni. "Haya. Tanki."