Alisamehe Mbele ya Jeneza

Mume wangu hakufa vitani. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wajukuu wangu wanapenda kuwaambia wenzao kwamba babu yao alipigwa risasi na askari wa Mdachi. Hapana. Alikuwa akikata boriti kwenye mikoko ya Salale, mzizi ukamchoma unyayo, akapata pepopunda, akafa taya zimembana. Vita vilikuwa vimeshaanza huko juu milimani kwa Wamatumbi. Huku kwetu, kwenye vijito vya maji chumvi, tulikuwa tunaletewa habari na watu wanaokimbia, kila mmoja na yake.

Naandika kwa herufi nilizofundishwa kwenye chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na mkono hauna nguvu kama zamani. Hasira bado ninayo. Nisipoiandika nitazikwa nayo.

Kila mkata boriti alikuwa na tajiri wake. Tajiri anakupa mchele, shuka na shoka kabla ya kazi, nawe unamlipa kwa boriti, au kwa mpunga wa bondeni ukishavunwa. Anapokukopesha, pishi yake ni ya mfuto, amepitisha kijiti juu yake, hakuna punje inayozidi. Unaporudisha, anataka pishi hiyohiyo iwe na kilima mpaka punje zinamwagika mkekani, na zilizomwagika nazo ni zake. Sijapata kumwona mkata boriti aliyemaliza deni. Mume wangu alikuwa akicheka, akisema yeye na tajiri wamefunga ndoa isiyo na talaka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Na msidhani tajiri huyo alikuwa mgeni. Alikuwa Mwislamu mwenzetu, mtu wa mji wa biashara hapo mtoni, anayeswali safu ya mbele na kukohoa kidogo ili watu wajue amefika.

Siku ya maziko alikuja. Kwetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu mmoja husimama mbele ya nyumba na kuuliza kama marehemu ana deni la mtu, ili asiende kaburini na mzigo. Aliyeuliza siku ile alikuwa mwalimu wa chuo, aliyewafundisha Kurani nusu ya wanaume waliokuwapo. Sisi wanawake tulikuwa ndani, na ukuta wa fito na udongo hauzuii sauti.

"Anayemdai marehemu na aseme," mwalimu aliita.

Kisha nikaisikia sauti ya tajiri, nzito, isiyo na haraka.

"Mie namdai. Namdai kingi, nyote mwajua. Lakini nimemsamehe, duniani na akhera. Nyote muwe mashahidi."

Wanaume wakaitikia, wakamwombea Mungu amlipe kheri. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amenishika bega, akaangua kilio. "Mwanangu anakwenda mwepesi," alisema. Nami nililia. Nilimshukuru yule mtu, nikamtaja katika dua zangu kila baada ya sala. Dua zile ningeweza kuzirudisha, ningezirudisha zote.

Baadaye ndipo nilipoelewa ukarimu ule ulitoka wapi. Siku zilezile maduka ya matajiri wenzake huko juu yalikuwa yametiwa moto. Yeye alikuwa amehamisha majora yake ya nguo na kuyaficha kwenye kijito chetu, na mwenyewe akilala kwenye banda la samaki la shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alitaka kila mdomo wa Salale ufungwe. Ule msamaha ulikuwa ujira wa kumficha, nasi tukaupokea kama sadaka.

Kisha askari wakaja. Vijiji vya juu vikachomwa pamoja na maghala ya chakula, watu wakanyongwa. Hukuhitaji kuwa umepigana. Ilitosha mtu anayeaminiwa bomani aseme, "Huyu naye alikunywa maji ya mganga," na jioni hukuonekana tena. Na tajiri aliaminiwa sana bomani, maana askari walikula mchele wake. Akarudi mjini, akafungua duka, hofu ikamtoka, na msamaha ukamtoka pamoja nayo.

Mimi nilikuwa bado kwenye eda. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mambo yake ya nje hushikwa na ndugu wa mume. Tajiri alilijua hilo vizuri. Hakungoja nitoke ndani, akapeleka madai kwenye baraza la akida, na shemeji akaitwa kujibu. Aliporudi alikaa mlangoni, uso ameuelekeza nje.

"Shemeji," alisema, "tajiri adai deni lote. Kama hatuna cha kulipa, amtaka mtoto akafanye kazi kwake mpaka liishe."

Mtoto huyo alikuwa binti yangu, mmoja tu aliyebaki hai kati ya wote niliowazaa. Meno ya utotoni ndiyo kwanza yalikuwa yamemalizika kung'oka.

"Si alisamehe?" nilimwambia. "Wewe si ulikuwa pale, umeshika jeneza?"

"Asema hakusamehe."

"Nawe umesemaje?"

Nilipomwuliza tena alisema, "Nimesema sikumbuki. Shemeji, mie nilikwenda kule juu mwanzoni, wakati watu walipokuwa wakienda kuchukua dawa ya mganga. Yule ajua. Alilala kwangu, ajua kila kitu."

Nilimwelewa. Kuelewa ni jambo moja. Kusamehe sijamsamehe, na amekwisha kufa.

Siku ya hukumu nilitoka nje, eda haijaisha. Wanawake wa jirani walisimama milangoni wakanitazama kama nimetoka uchi. Mmoja akasema wazi kwamba bila shaka nimeshapata mume mwingine. Nilidhani mama mkwe atanizuia, maana mwanawe ndiye aliyekuwa akivunjiwa heshima. Akajitanda kaniki yake, akaniambia, "Twende. Nami nilisikia." Tukapiga kasia wenyewe, yeye mbele mimi nyuma, maji yalipokuwa yanajaa, mpaka kwa akida.

Akida alikaa kwenye kiti barazani kwake, karani pembeni, askari wawili ngazini. Wanaume wa Salale walikuwa wameitwa, wameketi kwenye mkeka, na mwalimu wa chuo alikuwa kati yao. Tajiri alikuwa amepewa kigoda.

"Eda yako imekwisha?" akida aliniuliza.

"Bado, bwana."

"Basi umefuata nini hapa?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, sikulia, nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Mama mkwe akasema yake, nayo yakalingana na yangu neno kwa neno. Tajiri hakukasirika hata kidogo. Alisema kwa upole kwamba wafiwa husikia mengi, kwamba yeye alimwombea marehemu msamaha wa Mungu, na kwamba mwenye uchungu huweza kuchanganya msamaha wa Mungu na wa tajiri. Watu wawili watatu wakatabasamu.

Akida hakuwa mjinga, na siku ile hakuwa hata mkali. Alifikiri, kisha akasema, "Katika mambo ya mali, wanawake wawili ni shahidi mmoja. Shahidi mmoja nimempata. Nipeni mwanaume mmoja aliyesikia, madai haya nayafuta sasa hivi."

Mmoja tu! Niligeuka nikawatazama. Nilikuwa nawajua wote, wote walikula kwangu siku ya matanga. Nikamwendea mwalimu pale mkekani, nikapiga magoti mbele yake, mimi mjane, mbele ya watu.

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyeuliza. Kama hakuna aliyekujibu, uliuliza nini?"

Nilimwona anamtazama tajiri, na tajiri akawa anawatazama askari tu, kama mtu anayehesabu wageni wake. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Umri umekwenda, mwanangu," alisema. "Masikio yangu si mazuri."

Jioni ileile alisomesha watoto na kuwachapa waliokosea herufi moja.

Likabaki neno la sheria. Akida akamwambia karani asome amri ya serikali, na karani akaisoma: ni marufuku kumweka mtu rahani kwa ajili ya deni. Nikadhani Mungu ameniletea Mdachi aniokoe. Akida akatikisa kichwa kukubali. Akasema ni kweli kabisa, rahani haipo tena katika nchi hii, na kwa hiyo mtoto hatawekwa rahani. Atakwenda kufanya kazi, kazi yake itahesabiwa, na hesabu itashikwa na mwajiri wake. Karani akaandika. Tajiri akasimama akamshukuru akida kwa uadilifu.

Walimchukua binti yangu baada ya siku chache. Sikumwona tena mpaka vita vilipokwisha, na njaa ikaja ikapita.

Njaa ile sitaki kuieleza. Tulikula mizizi, na mama mkwe nilimzika kwa mikono yangu. Watu waliokuwa wakinicheka walianza kuniambia nina bahati: mwanangu anakula wali kwa tajiri wakati wao wanazika. Na kweli alikuwa anakula wali. Kila mara walipolisema hilo nilitamani kuwapiga, na kila mara nilishukuru kwamba anakula. Sijui kama kuna uchungu unaoupita huo.

Alirudishwa baada ya misimu kadhaa, amekuwa mkubwa, mwili mzuri, amejifunga kanga safi. Alinisalimia kwa heshima. Akafagia uwanja bila kuambiwa, akachota maji, akaosha vyungu ambavyo havikuwa vichafu. Nilikuwa nimeazima mchele kwa jirani, nikaupika pamoja na samaki, nikapakua kwenye sahani moja, nikaiweka katikati ya mkeka.

Yeye akatoka, akaenda kuchuchumaa nje karibu na ukuta wa jiko.

"Njoo ule, mwanangu," nilimwita.

"Ahsante, bibi. Nitakula wenyewe mkishamaliza."

Nilimwambia hakuna wenyewe hapa, ni mimi na yeye tu, na mimi ni mama yake. Aliitikia ndiyo, kwa adabu nzuri sana, na hakunyanyuka. Alikuwa anaitazama sahani, kisha ananitazama mkono. Nilimwita tena, nikambembeleza, nikamfokea. Chakula kilikuwa kinapoa naye ana njaa, nilimwona anameza mate.

Nikala haraka haraka, tonge kubwa kubwa, ili na yeye apate kula.