Pengo Langu Kinywani mwa Mama

Mimba yangu ya kwanza niliibeba Makambako, enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka kumi na tisa na mume niliyekuwa bado namwonea haya. Yeye alikuwa fundi wa malori, na tulipanga chumba upande wa Mahongole. Miezi mitatu ya mwanzo nilitapika kila kilichoingia. Mwezi wa nne kutapika kulipungua, fizi zikaanza kutoka damu. Niking'ata hindi la kuchoma, damu. Nikipiga mswaki, damu. Nikaacha mswaki. Baada ya wiki chache kikaota kinyama chekundu katikati ya meno mawili ya mbele, kidogo kama punje ya ulezi, na mimi nikaamini kwamba ninakufa.

Mume wangu alikitazama kile kinyama kwa makini kama anavyotazama injini, akasema hiyo si kazi yake, niende kwa mama yangu. Kesho yake akanipandisha kwenye lori lililokuwa linakwenda Njombe, nikakaa mbele na dereva, nimefumba mdomo njia nzima.

Nyumbani kwetu ni Mjimwema. Ilikuwa Juni, na baridi ya Njombe mwezi wa Juni haina adabu. Nilimkuta mama jikoni amejifunga blanketi toka mabegani hadi miguuni. Na mimi nilikuwa nimejifunga blanketi vilevile, maana nilitaka habari ya mimba niitoe taratibu, kwa mpango. Tukasalimiana kamwene, tukakaa kila mmoja upande wake wa moto. Nikamwambia nimekuja na jambo. Akasema hata yeye ana jambo. Nikamwambia aanze yeye, yeye ndiye mkubwa. Akakataa. Tulivutana hivyo mpaka uji ukafurika motoni, tukainuka wote wawili kwa pamoja kuuwahi, mablanketi yakaanguka.

Tumbo lake lilikuwa kubwa kama langu.

Mama alikuwa amezaa wanane, na mimi ni wa pili. Alidhani amemaliza. Aibu ya kubeba mimba wakati binti yake ameshaolewa ilikuwa imemfungia ndani wiki kadhaa, na baba, mzee wa kanisa, alikuwa anatengeneza uzio ambao haukuwa umeharibika ili asikae na watu. Nilimtazama mama, mama akanitazama, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hapo ndipo alipoyaona meno yangu yamejaa damu.

Hakushtuka. Alisema ni kawaida, kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Akafungua mdomo, akanionyesha. Alikuwa na mapengo manane, na kila pengo alilijua la nani. Lile la chini kushoto la kaka yangu mkubwa, lile la juu, jirani na chonge, langu. Nilikuwa sijawahi kuambiwa. Nililitazama pengo langu nikajisikia mwizi. Kisha akagusa jino moja la chini kwa ulimi, likacheza. Hilo, akasema, ameshampa huyu aliye tumboni.

Mimi sikutaka kutoa jino. Nilikuwa na meno mazuri na nilijua. Asubuhi nikamwomba twende zahanati ya misheni, na kwa kuwa hakutaka kwenda peke yake na lile tumbo, wala kuniacha niende peke yangu, akakubali. Tulipita njia ya nyuma, kwenye mashamba ya miwati, tusionekane. Tukakutana na nusu ya kwaya ya kanisa.

Mkunga wa pale alikuwa mama mnene wa Manda, kule ziwani, mwenye kulalamikia baridi yetu kama vile sisi ndio tuliomletea. Madaktari wa meno walikuwa mbali, kwa hiyo yeye alifundishwa pia kung'oa na kukwangua. Alitukalisha kwenye benchi moja, akamulika vinywa vyetu kwa tochi, kimoja baada ya kingine. Kinyama changu akakiita mgeni wa mimba. Alisema huwatokea baadhi ya wajawazito na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua, ila kikizidi kukua au kunizuia kula nirudi upesi. Fizi za mjamzito hulainika na kuvimba, ndiyo maana zinatoka damu, na nilipoacha mswaki nilizidisha. Nikitapika nisukutue kwa maji kwanza, mswaki ungoje kidogo.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza kilichokuwa moyoni mwake.

"Kama mtoto hachukui jino, yangu yamekwenda wapi?"

"Yameondoka na uchafu uliokaa kwenye fizi, mama. Mtoto hana haja na jino lako. Hata lake mwenyewe hajui kama atakuwa nalo."

Mama akayahesabu mapengo yake kwa ulimi. Halafu akasema polepole, "Kwa hiyo nimewasingizia watoto wanane."

Mkunga akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Alipotulia akachukua kichuma chake na kukwangua ugaga kwenye meno ya mama, akamwambia arudi wiki ijayo amalizie. Jino lile, alisema, huenda likashika, huenda lisishike, ila tusilizike kabla halijafa.

Tulirudi kwa njia kuu. Mama alikuwa amesahau kujificha. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya mtu anayetubu, "Mwanangu, nisamehe kwa lile pengo." Nikamwambia nimemsamehe. Hatukuweza kutembea tena kwa muda mrefu. Tuliegemea uzio mpya wa baba tukicheka, naye baba akapita na nyundo yake kana kwamba hakutuona.

Nilikaa mwezi mzima. Kila asubuhi na jioni tulisimama nyuma ya nyumba na vijiti vyetu vya mswaki tulivyovitafuna mpaka vikawa laini, tukisugua taratibu, kisha tukisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, maana ya baridi yalitupiga mpaka kwenye ubongo. Tulikula maharage, majani ya maboga na maziwa. Damu ikapungua, ikabaki siku mojamoja.

Niliporudi Makambako, dereva mmoja wa lori alinifuata kwenye karakana ya mume wangu, akavua kofia mbele ya mafundi wote, akatoa salamu alizotumwa: "Mama yako anasema halitikisiki tena." Hakujua ni nini. Mafundi walilijadili siku nzima.

Binti yangu alizaliwa kwanza. Siku kumi na moja baadaye mama akajifungua mvulana, na hivyo mjomba akawa mdogo kuliko mpwa wake. Kinyama kwenye ufizi wangu kilinywea, na kabla mtoto hajaanza kucheka kilikuwa kimekwisha.

Tuliwabatiza siku moja. Baba aliwabeba wote wawili, mmoja kila mkono, wamefungwa vitambaa vyeupe vinavyofanana, na mchungaji akamwuliza yupi ni mwana na yupi ni mjukuu. Baba akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Wote ni wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Juni nikamwona anacheka mbele za watu.