Siku mzee wa mvi aliponiamkia kwenye foleni ya kumchagua Rais, Pangani

Wakuu, marahaba, maana najua humu wengi wenu ni wajukuu zangu. Naongea na simu, yenyewe ndo inaandika. Mie darasa niliishia la pili. Ila hili nilikuwepo, kwa macho yangu haya.

Mwaka sitini na mbili huo, Tanganyika inachagua Rais wa kwanza.

Wagombea wawili. Mmoja bwana mkubwa wa mashamba ya mkonge. Wa pili Bi Mwanaidi, mkunga wetu. Ahadi yake kwetu moja tu: zahanati ng'ambo ya mto, kwetu Bweni.

Nyie hamjui. Sie wa Bweni ukishikwa na uchungu unangoja pantoni ikuvushe mto ndo ufike hospitali. Dada yangu alizalia humo humo, kati ya magunia ya mbata. Mtoto hakukaa.

Na mie siku hiyo nna mimba ya miezi saba.

Basi tuko foleni, wanawake watupu, kanga sare. Mara katokea mzee, kidevu chote mvi, kashika gazeti. Eti katoka miaka ya mbele huko!

"Jamani, msiungue jua bure. Matokeo haya hapa. Bi Mwanaidi kashindwa."

Wenye kusoma wakachungulia. Kweli, na picha ya bwana mkonge anacheka. Foleni ikakatika, wa Bweni hao, wanarudi kwenye pantoni.

Mzee akanifikia mie. Kaniangalia, kainama.

"Shikamoo, bibi."

Mie! Msichana wa miaka kumi na nane!

Wenzangu mbavu hawana. "We Mwanaasha, ushazeeka lini?"

Sikucheka. Hapo ndo niliamini kweli katoka mbele, na huko ananijua. Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Na ukishaitika, mkubwa si wewe?

"Sasa kaa chini. Funga mdomo."

"Lakini bibi, ishaandikwa..."

"Mie sijui kusoma. Kaa!"

Akakaa, wallahi, vumbini, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Nikakimbia na tumbo langu mpaka kivukoni. Pantoni ishafungua kamba. Nikapiga ukelele: "Enyi wa Bweni! Huyo mzee kaona kura za siku mliyorudi nyumbani! Rudini tuone wataandika nini!"

Halafu somo yangu, kungwi aliyenicheza ngoma, akaruka majini, maji ya kiuno. Wakamfuata wote.

Walipiga kura wameloa chapachapa.

Nchi nzima walilingana, zikabaki kura za kwetu. Bi Mwanaidi akapita!

Mtoto wa kwanza bado nilivuka mto, jengo halijaisha. Wa pili uchungu ulinikuta jikoni. Nikaenda zahanati kwa miguu, nikazaa chai yangu haijapoa.

Kwa hiyo wajukuu, mtu akikwambia ishaamuliwa, kapige kura kwanza, mbishane baadae.

Haya, mliozaliwa zahanati ya Bweni mpo humu? Jitajeni, niwajue watoto wangu.