Mtahini wa Mashua

Ilianza Jumamosi ya pili ya Septemba, saa mbili na robo asubuhi, ndani ya treni kutoka Stratford kwenda pwani ya Essex. Mama alikuwa amepakata mahamri na tayari ni mtaalamu wa bahari.

Mama hutunza wazee majumbani. Mzee anayempa dawa kila siku ana miaka themanini na moja, na mashua ya matanga. Binti wa Mzee anataka kuiuza, ila amesema hataiuza Mama akiandika ripoti kwamba baba yake bado anaiweza. Basi mtahini akawa Mama, ambaye safari zake zote za baharini ni feri ya Likoni.

"Mimi mtu wa pwani," aliniambia. "Bahari naijua."

Mzee alitupokea bandarini, tukapanda mashuani. Upepo ulipojaza tanga, mahamri yote aliyokula Mama yakarudi. Mzee akamshikia ndoo, mkono mwingine kwenye usukani, akambembeleza kwa sauti ileile anayobembelezwa yeye akimeza vidonge: "Vizuri sana. Kidogo kidogo. Unajitahidi."

"Mwambie anyamaze," Mama akaniambia kwa Kiswahili.

Sikumwambia. Mimi hata darasani nikiitwa jina huinua mkono tu.

Mama akashuka chini kulala. Tukafuata ufuko saa tatu nzima, Mzee akivuta kamba hii na kulegeza ile bila kuzitazama. Wakati wa kurudi tukafika kwenye boya jekundu, ambapo asubuhi alikuwa ameniambia ndipo pa kugeukia kuingia bandarini. Hakugeuka. Maji yakaanza kuwa ya matope. Nilihesabu hadi mia moja na ishirini ndipo sauti ikatoka.

"Tumelipita."

Akaligeukia boya, akalitazama kwa muda. "Nilikuwa nakupima," akasema. Akazungusha usukani. "Mama yako amelala?"

"Amelala."

"Vizuri."

Jumapili asubuhi Mama alikuwa bado kitandani. Akaninyooshea simu, maana ripoti zake za Kiingereza mimi ndiye humwandikia.

"Andika anaweza. Mtu amenishikia ndoo, nimfelishe?"

Nikaandika kwamba anaongoza mashua vizuri kuliko anavyopanda ngazi. Kisha nikaandika habari ya boya, kidole kikagoma kutuma. Nikiifuta, atatoka peke yake. Nikiiacha hivyo, mashua imeuzwa. Nikaongeza kwamba asiende bila mtu, na kwamba Jumamosi mimi huwa sina pa kwenda, jambo lililokuwa la kweli kuliko yote. Nikaituma bila kumsomea Mama.