Ngiri ya Miezi Minane

Jumatatu nilipanga foleni kwenye masjala ya hospitali yetu hapa Shinyanga. Mbele yangu mama mjamzito kutoka Tinde alisukuma kadi dirishani.

"Wiki iliyopita presha ilikuwa juu, kaka. Muuguzi anataka ailinganishe na ya leo. Naomba faili langu."

Karani akasoma namba, 0003, akaleta faili lililogeuka rangi ya chai. Akalifungua.

"Hapa wewe ni mzee wa miaka sabini. Unaumwa ngiri."

Mama akalitazama tumbo lake. "Basi ngiri yenyewe ina miezi minane."

Karani hakucheka. Aliuchukua muhuri wa namba, akauzungusha. Una tarakimu nne tu. Wiki iliyopita ulipita 9999, ukarudi sifuri, na mama akapewa namba ya mgonjwa wa tatu tangu hospitali ifunguliwe.

"Muhuri hauna nafasi ya tarakimu ya tano," akasema.

"Na kalamu?"

Karani akaandika moja mbele ya sifuri kwenye kadi, akaenda rafu ya mwisho, akarudi na faili jipya. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaelekea kwa muuguzi.

Nasikia muhuri wa tarakimu tano umeagizwa. Ningeshauri waagize wa tarakimu sita, maana foleni nzima nyuma yangu ilikuwa ya wajawazito.